Miezi minane na nebulaiza ya Collison jijini Dar es Salaam: uzoefu wangu

Katika maabara yetu hapa Ubungo tunahakiki vihisi vya vumbi kabla ya kufungwa kando ya barabara, na kwa miezi minane chembe za kuvipimia nimezitengeneza kwa nebulaiza ya aina ya Collison, ambayo ni ndugu wa ile inayotumika hospitalini kwa wagonjwa wa pumu.

Hewa iliyogandamizwa hupita kwa kasi kwenye tundu dogo, ikafyonza mmumunyo wa chumvi kutoka chini ya chupa na kuupasua kuwa matone ya takriban mikromita 2 (mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Tone likikauka, hubaki chembe ya chumvi. Mmumunyo wenye sehemu 1 ya chumvi katika 1,000 kwa ujazo hutoa chembe yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya tone, na anayetaka kipenyo hicho kiwe maradufu huongeza chumvi mara 8. Katika hili kifaa hakijawahi kuniangusha.

Kilichonitesa ni ukaushaji. Muuzaji alitupatia bomba moja fupi la silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), nasi tukawa tunaongeza hewa ya kuchanganyia na matone kutoka chumbani, bila kujali kwamba asubuhi za masika unyevu wa Dar hupita asilimia 75, kiwango ambacho chumvi ya kawaida hunyonya maji hadi ikayeyuka. Zaidi ya hapo, tone la chumvi haligeuki fuwele mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 45. Tulikuwa tukipima matone tukiamini ni chembe kavu, ilhali kwenye asilimia 80 kipenyo hukaribia maradufu. Vihisi vyote vya wiki ile ilibidi tuvirudie, na kazi hiyo iliniuma sana. Sasa tunaunganisha mabomba mawili, tunakausha pia hewa ya kuchanganyia, tunapima unyevu pale chembe zinapotokea, na silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani tunaioka kwenye oveni.

Maji yawe yaliyokenekwa, kwa kuwa ya bomba huacha masalia yanayohesabiwa kama chembe. Mmumunyo nao ubadilishwe mara kwa mara, maana maji hupungua chupani, chumvi ikazidi na chembe zikakua.

Kifaa hiki hakitoi chembe za ukubwa mmoja kamili, bali mtawanyiko unaozunguka kipenyo ulichokichagua. Kwa ukubwa mmoja tunarusha vitufe vya polistireni (aina ya plastiki) vilivyokwisha kupimwa kiwandani. Ningekinunua tena, lakini bomba refu la kukaushia ningeliagiza siku hiyo hiyo.