Kioo cha sonara na pakiti ya stempu za kifalme: uzoefu wangu

Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji wa Dar, mzigo ukaja na basi mpaka stendi ya Tabora: kioo cha sonara kinachokuza mara 10, na pakiti ya stempu kuukuu za enzi za Waingereza. Kioo nakipa nyota nne. Pakiti ina mazuri yake na ina ujanja ujanja wake.

Kioo kwanza. Kisogeze karibu kabisa na jicho, kisha ulete stempu hadi ibaki kama sentimita mbili na nusu hivi. Kina kitaa kinachotumia betri ndogo za saa, na hapa mjini kuzipata mpaka uzunguke. Mimi nakaa dirishani asubuhi. Mwanga wa ubavuni unaonyesha zaidi.

Kilichonifanya nisiijutie hela yangu ni stempu nyekundu ya peni moja ya Malkia Victoria. Ni ndugu wa ile nyeusi ya 1840, stempu ya kwanza duniani ya kubandika kwenye barua. Mwaka 1841 wakabadili rangi kwa kuwa mhuri ulikuwa hauonekani vizuri juu ya weusi. Ni kadude ka milimita 19 kwa 22 tu. Weka kioo: shavuni karibu hakuna kitu, ni vijistari vifupi vichache na nukta. Shingoni mistari inaanza kujipinda kufuata mviringo, inanenepa kadiri kivuli kinavyoingia. Nyuma ya kichwa ndiko kwenye kazi yenyewe: wavu wa mistari iliyokatwa kwa mashine, imepishana kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka. Wino wote umerundikwa nje ya uso, na uso wenyewe umeachwa karatasi tupu, unang'aa. Enzi yake iko hapo, wala si kwenye taji, maana taji lenyewe ni dogo. Tena hakutazami. Kageukia kushoto, wewe ndiye unayemtazama. Jina la nchi halijaandikwa popote, na mpaka leo stempu za Uingereza haziliandiki. Sura ilitokana na medali ya mchongaji William Wyon, naye alimchora Victoria akiwa na miaka 15. Malkia akazeeka, kwenye barua akabaki binti.

Ya pili ni ya Tanganyika, 1922. Nayo imechapwa kwa sahani iliyochongwa, wino unakaa ndani ya mifereji. Pitisha ncha ya kidole taratibu utahisi vituta. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na pale tulipozoea kuona mfalme wamemweka twiga! Kichwa na shingo, katikati ya fremu, kwa heshima zote. Mwaka 1927 Mfalme George wa Tano akarudi mahali pake, lakini stempu yake ilichapwa kwa namna nyingine, wino ukikaa juu ya sehemu zilizoinuka za sahani kisha ukagandamizwa kwenye karatasi, hivyo mistari imelala na uso umepoa. Kwa macho yangu twiga ana ufalme kuliko George, mnisamehe. Na sisi wa Tabora tusishangae sana, kwani sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa hapa hapa na Wajerumani mwaka 1916 ina tembo upande mmoja na tai wa dola upande wa pili. Kaiser, mfalme wao, hayumo.

Sasa ujanja. Ile nyeusi ya 1840 iliyokuwemo kwenye pakiti, iliyotangazwa kuwa "ya zamani" ni nakala ya printa. Chini ya kioo hakuna mstari hata mmoja, ni nukta za rangi zimemwagwa. Wavu wa nyuma umekuwa tope, shavu limeingia kijivu, na Malkia amezama badala ya kujitokeza. Picha ni ile ile, mkao ule ule, nguvu hakuna. Tulivutana na muuzaji kwenye WhatsApp hadi akarudisha hela ya hiyo moja.

Pakiti nyota tatu. Kabla hujalipa, mwambie apige picha ya shavu na shingo kwa karibu, simu ikiwa imeegeshwa kwenye lenzi. Akianza kukupa sababu, nunua kioo peke yake. Mimi nitarudi kwake kwa ajili ya twiga wa rangi nyingine.