Miaka saba na mashine mbili za U-matic: uzoefu wangu

Mashine za U-matic, zile za zamani za kurekodi na kuhariri video kwa kaseti, zinauzwa tena mitandaoni, na vijana wa studio wananiuliza kama zinafaa kununuliwa. Nilihariria kwenye hizo Dar es Salaam kuanzia 1987 hadi 1994, katika kitengo cha video za elimu ya afya. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni bado. Kazi zetu zilipelekwa vijijini kwa Land Rover, pamoja na jenereta na monita.

Mtambo ulikuwa pleya moja, rekoda moja, monita mbili na kontrola ya kuziongoza katikati. Mkanda ni wa robo tatu ya inchi, na kaseti ni nene kama leja. Unaweka alama ya picha inapoanzia na inapoishia, unabonyeza, mashine zote mbili zinarudi nyuma sekunde 5, zinaondoka pamoja mpaka mwendo utulie, kisha rekoda inanakili.

Mwalimu wangu aliiona kazi hiyo kuwa raha tupu. Yeye alianzia kwenye mashine za mkanda wa inchi mbili, za jamii ile ambayo kampuni ya Ampex waliionyesha Chicago mwaka 1956, na mkanda aliukata kwa wembe. Ukisimamisha mkanda huoni picha, kwa hiyo walipaka kimiminiko chenye unga wa chuma ili mistari ya sumaku ijitokeze, wakatafuta kwa hadubini pa kupitisha wembe. Na sauti haikukaa penye picha yake: ilikuwa zaidi ya inchi 9 mbali nayo. Ukikata picha vizuri, neno la mtu linakatika.

Sisi wembe hatukuushika, lakini tulikuwa na taabu yetu. Kwenye U-matic video hujengwa kwa mfuatano, picha ya kwanza mpaka ya mwisho, na ukishapita umepita. Mwaka 1989 tulimaliza video ya dakika 22 juu ya maji ya chumvi na sukari kwa watoto wanaoharisha. Daktari alipoitazama, akasimamisha dakika ya nne: muuguzi wetu alisema kijiko cha chumvi, basi. Kipimo ni nusu ya kijiko kidogo kwa lita moja ya maji. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kufa.

Kuchomeka sauti mpya juu ya ile ya zamani kuliwezekana, ila maneno yaenee kwenye sekunde zile zile. Tulijaribu. Muuguzi akawa anayakimbiza, na mama anayesikia kipimo hicho kwa mara ya kwanza anahitaji asemewe polepole. Tulihitaji sekunde 11 zaidi, na mkanda hausogezwi. Tungeweza kunakili sehemu yote iliyobaki kwenye kaseti nyingine, lakini kila ukinakili picha inafifia, wekundu unachuruzika nje ya kitu chenyewe, maandishi yanafunga. Mkanda wetu mkuu tayari ulikuwa nakala ya kwanza ya picha za kamera, na wa vijijini ungekuwa nakala ya nakala ya nakala. Kipimo kilichoandikwa kwenye kioo kisingesomeka. Tukahariri upya kila kitu kuanzia dakika ya nne, usiku mbili, na sijutii hata dakika moja.

Kilichonichosha zaidi ni kaunta. Mashine zetu hazikuwa na saa iliyorekodiwa ndani ya mkanda. Kaunta ilihesabu tu mapigo yaliyorekodiwa kwenye mkanda, na ukienda mbele na nyuma mara nyingi inapoteza fremu (picha moja moja) kadhaa. Kwa fremu 25 kwa sekunde, mbili zikikosekana jicho linaona. Daftarini sikuandika namba peke yake, niliandika na maneno: “anapoinua kikombe”, “kabla hajafumba macho”. Unyevu wa pwani nao ulikuwa ukiwasha taa ya onyo, basi unakaa unasubiri hedi, vichwa vinavyosoma mkanda, zikauke.

Kwa hiyo: kwa kuhariri, usinunue. Kwa kuokoa kaseti za zamani, nunua pleya nzima mapema, kwa sababu mafundi wake wanapungua. Safisha hedi kabla ya kila kaseti, na ijaribu pleya kwanza kwa mkanda usio na thamani, maana mikanda mingine imeshaanza kunata. Na kabla hujaingiza ile ya thamani, toa kitufe chekundu kilicho chini ya kaseti, mashine isiweze kurekodi juu yake.