Magazeti ya Guernsey ya 1940–1945 kwenye mikrofilamu: yana thamani, ila usianzie Mei 9

Anayetaka kusoma The Star na Evening Press za miaka Wajerumani walipoikalia Guernsey, kisiwa cha Mlango wa Bahari wa Uingereza (English Channel), mahali pa kuanzia ni Maktaba ya Priaulx, St Peter Port. Kwa utafiti wa kisiwa hiki tunaipendekeza bila kusita, mradi uende ukijua unachotafuta.

Wengi huomba kwanza reli (kibonge cha filamu) ya Mei 9, 1945, siku Wajerumani waliposaini kusalimu amri kwenye manowari ya HMS Bulldog, yapata saa moja na robo asubuhi. Hilo ni kosa. Furaha ya siku ile huielewi bila kuona gazeti lilivyobanwa kwa miaka mitano. Anza na Star ya Julai 1, 1940: ukurasa wa mbele una amri za kamanda wa Kijerumani, na ya kwanza inamtaka kila mkazi awe ndani saa tano usiku, asitoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kisha nenda Julai 1941, utafute tangazo la mkuu wa kisiwa, Victor Carey, akiahidi pauni 25 kwa atakayemtaja mtu anayechora ukutani herufi V, ishara ya ushindi dhidi ya Wajerumani. Habari za vita zilipitia kwa mkaguzi wa Kijerumani, kwa hiyo zipite haraka. Tulia kwenye matangazo madogo ya kubadilishana vitu, maana hapo njaa na uhaba vinaonekana wazi.

Matangazo hayo ndiyo yanayosumbua kwenye mashine. Herufi ni ndogo, na karatasi ikiwa nyembamba maandishi ya upande wa pili hupenya. Punguza mwanga kwanza, ndipo ukuze. Ukikuza huku mwanga ni mkali, herufi hufifia zaidi. Rekebisha fokasi ukitazama pembe ya ukurasa, kwa sababu katikati huonekana safi hata pembeni kukiwa na ukungu. Gazeti lililopigwa picha likiwa limejalidiwa huwa na kivuli kwenye mshono, na safu ya ndani humezwa. Hapo hakuna ujanja: omba nakala ya karatasi kama ipo. Kama filamu ni ya maandishi meupe juu ya weusi, igeuze kabla ya kuchapa, la sivyo utamaliza wino bure. Andika tarehe, ukurasa na safu papo hapo.

Upungufu mkubwa hauko kwenye mashine. Kuanzia Mei 1942 watu wa ndani ya Star yenyewe, akiwemo fundi wa linotaipu (mashine ya kupanga herufi za kuchapa) Charles Machon na mwandishi Frank Falla, walitoa gazeti la siri, GUNS (Guernsey Underground News Service): maneno kama 700 kwa siku kutoka redio ya London, yakipigwa taipu kwenye karatasi za kufungia nyanya. Redio zilinyang'anywa Juni mwaka huohuo, na kazi ikaendelea hadi walipokamatwa Februari 1944. Kwa hiyo soma Star ya miezi hiyo ukijua kwamba baadhi ya walioitengeneza walikuwa na habari nyingine mfukoni. Machon hakuiona Mei 1945. Alifia kifungoni Ujerumani Oktoba 1944.

Ukifika Mei 9, usisimamie hapo. Visiwa jirani vilifuata, Sark ikikombolewa Mei 10 na Alderney Mei 16, basi reli izungushe hadi upite Mei 16.