Tangi la presha la lita 24: nimeuziwa dogo, nikajibiwa ovyo

Wenye visima nyumbani, hasa sisi wa Kisauni, Mombasa, ambao maji ya mfereji twayaona kwa bahati, muuzaji asikupe tangi la presha (lile linaloweka maji kwa msukumo ili pampu isiwake kila ukifungua mfereji) kabla hajauliza pampu yako inatoa lita ngapi kwa dakika. Huyu wangu hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe: pampu inatoa kama lita 40, bafu ni mbili, na nyumba ina watu. Akashusha tangi la lita 24. Nikamwambia, mwanangu, hili halitakuwa dogo? Hata macho hakuyainua kwenye simu: "Mama, wataka kuoga ama wafungua hoteli?" Wenzake wakaangua kicheko.

Lita 24 si maji, jamani. Ndani mna mpira, na upande wa pili wa mpira mna hewa. Swichi ikiwasha pampu kwenye psi 30 (psi ni kipimo cha msukumo) na kuzima kwenye 50, maji unayoyapata kabla pampu haijawaka tena hayafiki hata thuluthi ya tangi. Kwa hilo langu ni kama lita saba. Ukifungua mfereji, mshale wa geji waporomoka, swichi yalia ka!, pampu yanguruma sekunde chache, ka! tena, kimya. Ndoo haijajaa, yaanza upya. Usiku mtu akienda chooni nyumba nzima yaamka.

Na mota huumia zaidi pale inapowaka, ndipo inapovuta stima nyingi. Tokeni za stima zikawa zaisha upesi, mota ukiigusa yaunguza mkono, na siku moja ikatoa harufu ya waya zilizoungua, ikanyamaza. Kurudi dukani naambiwa: "Hiyo ni stima ya kwenu, mama." Neno la pole sikulisikia.

Haki nitaisema: tangi lenyewe si bovu. Halivuji, na kwa kuwa mpira ndio unaobeba maji, chumvi ya kisima chetu haijagusa chuma. Mwenye pampu ndogo ya kusukuma maji ya bafu moja huenda akalifurahia. Nilitaka hata kulisifu.

Fundi mmoja mzee, jirani, ndiye aliyeniweka sawa. Alitaka pampu ipate kufanya kazi angalau dakika nzima kila ikiwaka. Basi kwa pampu ya lita 40 kwa dakika, tangi litoe lita 40 kabla pampu haijawaka tena, yaani tangi la lita 150 hivi. Nilipopata hilo kubwa akapima hewa yake, tangi likiwa tupu: psi 28, mbili chini ya pale pampu inapowaka. Waliotumwa na duka kunifungia lile la kwanza hata geji ya hewa hawakuja nayo. Sasa nyumba imetulia, naoga bila kusikia pampu ikihangaika.

Ile sifa naiondoa. Tangi zuri alilouziwa asiyelihitaji, huku akichekwa, zuri kwa nani? Nimewaomba wa dukani walichukue lile dogo, nitoe tofauti ya bei ya kubwa, wakakataa. Ndipo nikalinunua kwingine. Sasa wanipigia simu wakitaka lile dogo kwa nusu bei. Nusu bei! Na kusuka upya waya za mota nimelipa mimi. Siwapi.