Boti ya kuvua Watamu mwezi wa Januari: uzoefu wangu

Tulikuwa wanne, wote wa ofisi moja ya Industrial Area, na hakuna aliyewahi kuvua kitu zaidi ya tilapia wa bwawani. Ijumaa tulipanda treni ya saa tisa Syokimau, tukashuka Miritini, Mombasa, usiku, tukaunga matatu hadi Gede na tuktuk hadi Watamu. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa ufuoni, maji magotini, viatu mkononi.

Nianze na lawama niimalize. Wakala wa hapa Nairobi aliyetuuzia safari, simtaji, alituhakikishia kwenye simu kwamba chakula kipo na samaki wote ni wetu. Chakula kilikuwa soda nne na pakiti moja ya biskuti. Habari ya samaki tuliipata tukiwa tumeshauacha ufuo mbali: samaki ni wa boti, mgeni hukatiwa kipande. Nahodha alisema ni desturi ya boti nyingi za pale, na alishangaa kwamba hatukuambiwa. Tulikuwa tumelipa shilingi 48,000 kwa nusu siku, 12,000 kila kichwa. Kama ningejua, ningelipa vilevile, lakini nisingembebea mama watoto ahadi ya nguru mzima.

Sasa bahari. Mimi nilikuwa nimekesha nikitazama utabiri wa mvua kwenye simu. Nahodha, mzee mwembamba wa maneno machache, alicheka. "Watu wa bara mnauliza mvua. Ulizeni upepo na maji." Kaskazi, ule upepo wa Desemba hadi Machi, ndio unaoleta joto na bahari ya kuvulika; kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika katikati ya mwaka, mawimbi huwa makali na boti nyingi hupumzishwa. Hata ndani ya kaskazi kuna siku na siku. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji huingia na kutoka kwa nguvu, na pale kwenye mlango wa mwamba boti hurushwa kama gari kwenye barabara ya mashimo. Sisi tuliangukia maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, kwa bahati tu. Hata hivyo mwenzetu mmoja alilewa bahari tangu saa moja na nusu, akalala juu ya magunia na hakuinuka tena. Meza dawa kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika umechelewa.

Tulirambaza, yaani tuliburuta mishipi nyuma ya boti, kuelekea kaskazini, upande wa Malindi, mpaka tukafika mahali ambapo bahari imegawanyika: huku buluu, huku rangi ya chai ya maziwa. Ni tope la mto Sabaki. Nikakumbuka kwamba Sabaki ndiyo Athi ileile, na mto Nairobi humwaga humo. Yaani maji yanayopita nyuma ya ofisi yetu yalikuwa yamenitangulia. Nahodha aliufuata mpaka ule wa rangi kama mtu anayetembea kando ya ukuta, kwa sababu samaki wadogo hujikusanya hapo na wakubwa huwafuata.

Kilichonivutia kuliko yote ni mikono ya baharia. Alichukua chuchunge, samaki mwembamba kama kalamu, akapitisha ndoana tumboni, kisha akamshona mdomo kwa sindano na uzi ili asifunguke akiburutwa. Mishono mitano, boti ikiyumba, wala hakutazama chini.

Membe, wale ndege wa baharini, walipoanza kujirusha majini tulipata sehewa wawili, jamii ya jodari, papo hapo, kisha fulusi mmoja aliyetoka wa dhahabu na kufifia kijivu mbele ya macho yetu. Halafu saa nne kasoro rili ya kushoto, gurudumu la mshipi, ikalia. Sulisuli. Aliruka mara nne, pezi limefunguka kama tanga, na mikono yangu ikatetemeka kwa dakika ishirini hivi. Baharia alimshika kwa ule mdomo mrefu, akamchoma kitambulisho cha plastiki mgongoni, akamkokota taratibu kando ya boti maji yapite kwenye matamvua, akamwachia. Vitambulisho hivyo hufuatiliwa na African Billfish Foundation, shirika la utafiti wa samaki kama hawa, walio hapohapo Watamu. Sikuhuzunika kumwachia. Nilihuzunikia nguru wa pili, aliyekata mshipi karibu kabisa na boti kwa sababu nilikaza breki ya rili nilipoambiwa nisiiguse. Wa kwanza alifika salama, kilo nane hivi, na ndiye niliyekatiwa kipande.

Saa tano na nusu upepo uliinuka, tukageuza.

Boti na watu wake ninawapa tano kwa tano. Wakala, moja, kwa sababu ya barafu aliyoahidi, ambayo kweli ilikuwepo. Namba ya nahodha ninayo sasa; nimemwomba siku ya maji mafu mwezi wa pili, na safari hii tumeelewana kuhusu samaki kabla sijatuma senti kwa M-Pesa.