What's My Line?: mchezo wa zamani wa kubahatisha kazi za watu

Zawadi ya juu kabisa kwenye mchezo huu ilikuwa dola 50, na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuupenda. Ulianza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani Februari 1950, ukafungwa Septemba 1967, na miaka yote hiyo aliyekwenda studio New York usiku wa Jumapili alijua hatarudi kwake tajiri. Basi watu wakaja kucheza. Vipindi vya siku hizi vya mamilioni vimenichosha: mshiriki anatetemeka, muziki unapigwa kama anayehukumiwa, halafu ukitaka jibu unaletewa tangazo.

Mimi ni fundi cherehani. Nikiwa napiga pindo, simu inakaa kwenye kopo la vifungo na nasikiliza zaidi ya kutazama, kwa hiyo kipindi lazima kiwe na maneno. Hiki ni maneno matupu. Mgeni anaingia, anaandika jina lake ubaoni kwa chaki, anakaa karibu na mwendeshaji, John Charles Daly. Sisi tunaandikiwa kazi yake kwenye kioo. Watu maarufu wanne wa meza ya pili hawajui kitu, wanauliza kwa zamu maswali ya ndiyo au hapana. Akijibiwa ndiyo, anaendelea kuuliza. Akijibiwa hapana, Daly anapindua kadi, mgeni anapata dola 5 na zamu inahamia kwa mwingine. Zikitimia hapana 10, mgeni kashinda. Aliyekulia kwenye vitendawili ataelewa mara moja, ila hapa mji unatolewa kwa mafungu, dola tano tano.

Na raha yenyewe iko kwenye kuuliza. Steve Allen, mchekeshaji, ndiye aliyeanza kuuliza kama kitu anachotengeneza mgeni ni kikubwa kuliko sanduku la mkate, na swali hilo likashika hata nje ya televisheni. Dorothy Kilgallen alikuwa mwandishi wa gazeti, na anauliza kama mwandishi: anabana, anarudi nyuma, anabana tena, hataki kushindwa hata kwa dola tano za mtu. Bennett Cerf, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vitabu ya Random House, ana mizaha ya kucheza na maneno ambayo mingine inachosha, nasema kweli. Arlene Francis, mwigizaji, ndiye wangu. Anacheka na mgeni, hamcheki mgeni. Shingoni ana kidani cha almasi chenye umbo la moyo, karibu kila kipindi, na gauni linashonwa kukipisha. Fundi wake aliijua kazi, maana shingo ya gauni inaishia pale pale kidani kinapoanza.

Daly ndiye anayeubeba mchezo wote. Alizaliwa Johannesburg, na sauti yake ndiyo iliyowapa wasikilizaji wa redio ya CBS habari za kushambuliwa Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, mwaka 1941. Mtu wa habari, basi, na hataki mgeni aseme ndiyo ambayo si ndiyo kamili. Akiulizwa jambo dogo tu, anaanza kufafanua: kwa maana hii inawezekana, lakini kwa maana ile tusiwapotoshe wenzetu… Sentensi inazunguka mpaka waulizaji wanasahau walichouliza. Baba watoto hamvumilii kabisa. Mimi naona ndio utamu.

Kila kipindi kuna mgeni mmoja ambaye sura yake inajulikana, na hapo wale wanne wanafungwa vitambaa machoni. Mgeni anabadilisha sauti: wanaume wazima wanaongea kama vitoto, mwingine anaguna tu. Wa kuanza naye ni Salvador Dalí, yule mchoraji wa Hispania, kipindi cha Januari 1957. Jina lake limejaza ubao. Akaulizwa kama ni mwandishi, akajibu ndiyo. Kila anachoulizwa, ndiyo. Daly anahangaika kumrudisha kwenye mstari, watazamaji wamelegea kwa kicheko, na masharubu ndiyo yaliyokuja kumuumbua. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, naye alipita, na Eleanor Roosevelt, mjane wa rais, na Walt Disney wa katuni. Usiku wa mwisho kabisa, mgeni wa siri alikuwa Daly mwenyewe.

Sasa kasoro. Mwanamke mzuri akiingia, ukumbi unapiga miluzi, na kila mwanamke anaulizwa kama ameolewa kabla hajaulizwa lolote. Vipindi vya miaka ya mwanzo vina mchekeshaji Hal Block, ambaye mizaha yake kwa wageni wa kike ilifika mahali wenye kipindi wakamwondoa mwaka 1953. Ukianza na hivyo unaweza kuacha mapema, kwa hiyo ruka, anza 1956 hivi. Watu weusi kwenye kiti cha mgeni ni wachache, na wengi ni waimbaji au wanamichezo. Na yale matangazo ya mdhamini wa mwanzo, dawa ya jasho la kwapani, huku wenzetu wamevaa suti za tai ya kipepeo na magauni ya kuburuza! Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Kuna kipindi sikupendekezi kutazama peke yako ukiwa mchovu, cha tarehe 14 Novemba 1965. Dorothy alikuwa amecheza Jumapili iliyotangulia, kesho yake akakutwa amefariki. Wenzake wakakaa pale pale mezani, mwigizaji Kitty Carlisle kwenye kiti cha Dorothy, wakacheza.

Kwa wanaouliza habari za bando: vipindi viko YouTube bure, vimewekwa na wapenzi wake, na kwa kuwa vilinakiliwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, picha ni hafifu tangu asili. Weka ubora wa chini kabisa, hukosi kitu, na bando linadumu. Kiingereza chao ni cha taratibu, cha watu wa redio. Maandishi yanayojitokeza chini yenyewe hayaaminiki kwenye majina.

Naupa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya rangi: msimu wa mwisho ulirushwa kwa rangi, lakini nakala tulizoachiwa ni nyeusi na nyeupe. Kuna gauni la Arlene la mikono mifupi, kitambaa kinang'aa kama hariri, mteja wangu ameliona na analitaka. Ananiuliza ni kijani au ni zambarau. Nimemwambia achague mwenyewe.