Miezi mitano na huduma ya kumfuatilia mgonjwa wa moyo nyumbani: nesi safi, apu hapana

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa ni nesi peke yake ningempa tano zote na chenji asirudishe, zilizopungua zimeondoka na apu yao na wikiendi, nitaeleza.

Mama yangu ana miaka 67, anakaa Tanga, mi nipo Dar. Mwaka jana alilazwa mara mbili ndani ya miezi minne, miguu imejaa maji mpaka kandambili haziingii, usiku anakaa kitako kitandani anatafuta pumzi. Akapigwa eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, dokta akasema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, akaandikiwa Lasix ya kukojoza na nyingine nne, tukarudi nyumbani. Baada ya hapo ni kliniki kila miezi miwili, na hapo katikati ndo hakuna anayejua kinachoendelea mpaka mtoto wa Dar apigiwe simu saa nane usiku. Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanamfuatilia mgonjwa akiwa kwake nikasema ngoja tujaribu. Jina la kituo sitaji maana bado tuna kesi nao, utaona mbele.

Unalipa 45,000 kwa mwezi, wanakupa mizani ya kidijitali inayotuma kilo yenyewe kwenye simu kwa bluetooth, mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, na apu. Kila siku asubuhi mgonjwa akishatoka chooni, kabla ya chai, anapanda mizani akiwa na khanga tu, afu anapima presha, afu anajibu maswali. Kirahisi. Ila mama ana kitochi, simu ya tachi ikabidi ninunue mimi na bando juu yangu, na kama asingekuwepo mjukuu wake wa fomu tuu pale nyumbani hii huduma ingekufa siku ya pili.

Wiki ya kwanza mizani ilitutoa jasho, leo 66, kesho 71, keshokutwa 67, mi huku Dar roho juu. Kumbe wameiweka juu ya zulia! Hakuna aliyetuambia inataka sakafu ngumu. Ikahamishiwa barazani kwenye sementi ikatulia.

Sasa apu. Maswali ni ya Kiswahili, ndiyo, lakini ni Kiswahili cha nani sijui. Swali la kwanza: "Je, una ufupi wa pumzi?" Mama akamuuliza mjukuu ndo kitu gani hicho, mjukuu akasema labda wanauliza kama unapumua kwa kifupi, mama akasema mi napumua kawaida tu andika hapana. La pili: "Je, una uvimbe wa pembeni?" Mama akajipapasa mbavu, kulia, kushoto, hamna kitu, andika hapana. Kumbe walikuwa wanauliza kama pumzi inamkata na kama miguu imevimba. Siku tisa mfululizo hapana, hapana, apu inawaka kijani na kikopakopa cha kumpongeza.

Siku ya kumi akapiga nesi, ni utaratibu wao kumpigia kila mgonjwa mpya. Mjukuu alirekodi, nimeisikiliza zaidi ya mara moja.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu."
"Mama, siku hizi unalala na mito mingapi?"
"Mitatu. Na wa nne nauegemeza ukutani."
"Na zamani?"
"Mmoja! Nani analala na mito minne, mi bibi harusi?"

Nesi akacheka, afu akamuuliza kutoka chumbani mpaka chooni anasimama njiani? Anasimama, kwenye nguzo. Akamwambia mama bonyeza kidole hapo mbele ya mfupa wa mguu, chini huko karibu na kifundo, tuhesabu wote mpaka kumi, haya toa, panabaki shimo? Panabaki. Yaani dakika nne za mazungumzo zimetoa kila kitu ambacho apu imekikosa siku tisa, na jioni yake dokta wao alikuwa ameshaongea na dokta wetu wa Tanga, dawa zikarekebishwa. Hapo ndo nilijua nalipia nini.

Tukio la pili ndo lilimfanya mama mwenyewe aiamini mizani. Kulikuwa na harusi mtaani, siku tatu za pilau na ng'onda, kilo zikapanda kutoka 68.2 mpaka 70.7. Nesi akapiga kabla hata sijaona. Akamweleza mama vizuri sana, kwamba kilo zaidi ya mbili ndani ya siku tatu siyo kunenepa, mtu hanenepi hivyo, ni maji, lita moja ya maji ni kilo moja, chumvi imeyashika mwilini. Afu akauliza kuna dawa yoyote umemeza ambayo hatujakuandikia? Mama kimya. Mjukuu akamchoma: bibi anakunywa diklofenaki, dawa za maumivu, za goti, ananunua dukani. Kumbe zile zinabana maji na zinachosha figo, kwa mgonjwa wa moyo ni za kukaa nazo mbali, akaambiwa goti likiuma anywe panadol tu kwa kipimo na aseme kliniki. Dokta akaongeza Lasix kwa siku tatu, ni dokta aliyeongeza jamani siyo sisi, afu akapimwa damu kuangalia figo na potasiamu. Kilo zikarudi 68.4, bila kulazwa.

Kitu kingine cha nesi nilichokipenda ni chupa. Dokta alishasema maji yasizidi lita moja na nusu kwa siku, sisi tukaitikia ndiyo dokta, lakini nani anahesabu vikombe? Nesi akasema asubuhi jaza ile chupa kubwa ya maji ya dukani ya lita moja na nusu, hiyo ndo siku yako. Ukinywa kikombe cha chai, mimina kikombe hichohicho cha maji kwenye maua. Uji vilevile, supu vilevile. Chupa ikiisha basi. Mama saivi ikifika magharibi anaitazama chupa kama mtu anayeangalia luku.

Malalamiko sasa. Tangazo lao linasema "tupo nawe muda wote." Jumamosi moja kilo imeruka 1.6 kwa usiku mmoja, mama anakohoa akilala chali, tumetuma meseji, tumepiga, hakuna mtu. Tukampeleka hospitali wenyewe, akachomwa sindano ya kukojoza, akakaa siku mbili. Jibu lilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi: "Asante kwa kuwasiliana nasi." Nimedai nirudishiwe hela ya mwezi ule, wananizungusha mpaka leo.

Na hili siyo jambo la mi kupenda kulalamika. Nilisoma soma kidogo. Wamarekani walishajaribu, majibu yakatoka 2010, wagonjwa zaidi ya 1,600, nusu wanapigia simu ya mashine kila siku, bonyeza moja, bonyeza mbili, mwisho wa siku hakukuwa na tofauti yoyote na wale wasiopiga. Wajerumani nao majibu yao yalitoka 2018, wagonjwa zaidi ya 1,500, vifaa ni mizani, mashine ya presha na vitu kama hivyo, lakini nyuma yake kulikuwa na madokta na manesi saa 24 siku zote saba, na hao siku walizopoteza hospitali zilikuwa pungufu kuliko za wasiofuatiliwa, na waliokufa walikuwa wachache kuliko wenzao. Moyo haujui Jumamosi. Kama hamna mtu wa wikiendi andikeni hivyo kwenye tangazo, mteja ajipange.

Nimelipia miezi mitatu mingine, ila kwa sharti la kupewa namba ya nesi wa zamu, na wamenipa. Ufupi wa pumzi bado upo kwenye apu, mjukuu anausoma "mito mingapi".

Na ushauri mmoja kwa atakayejiunga: mizani ifungieni kabatini. Majirani wa mama waligundua kuna kilo za bure barazani, asubuhi moja akapanda mama mmoja wa nyumba ya pili, mizani ikatuma 94, nesi akapiga huku anahema kuliko mgonjwa.